Kila Mfumo na Uhaba Wake: Safari ya Programu Mama za Simu Janja

Mwaka 1997 kampuni ya Psion ya London iliingiza sokoni kompyuta ya mfukoni iitwayo Series 5. Ukiifungua, kibodi yake iliteleza ikajitokeza mbele. Ukiifunga, iliingia kwenye mfuko wa koti. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 4 au 8, nafasi ambayo leo hujazwa na picha moja au mbili tu za simu. Iliendeshwa kwa betri mbili za kawaida, za aina ile ile inayowekwa kwenye rimoti ya televisheni, na betri hizo zilimfaa mwenyewe kwa wiki kadhaa akiandika barua, akipanga miadi na kupiga hesabu zake.

Ndani ya kifaa hicho kulikuwa na mfumo endeshi ulioitwa EPOC. Mfumo endeshi ni programu mama: ndiyo inayogawa umeme, kumbukumbu, skrini na redio ya kifaa kwa programu nyingine zote, na ndiyo inayoamua nani apite na nani azuiwe. Mafundi wa Psion waliuandika EPOC wakijua kwamba umeme ni kidogo, kumbukumbu ni kidogo, na kwamba mtumiaji hatazima kifaa chake kwa miezi. Kwa hiyo kila programu ilifunzwa kurudisha kila chembe ya kumbukumbu iliyoiazima, kama mpishi anayeosha chombo kimoja kabla ya kushika kingine.

Kutoka kwenye jiko hilo dogo ndipo ilipoanza biashara ambayo leo iko mikononi mwa mabilioni ya watu. Mara nyingi historia yake husimuliwa kama mashindano: nani alishinda, nani alishindwa. Lakini ukiifuata hatua kwa hatua, kinachoonekana ni kwamba kila mfumo ulizaliwa kuhudumia uhaba fulani. Uhaba huo ulipohama, yale yaliyokuwa nguvu ya mfumo yaligeuka kuwa udhaifu wake, na mara nyingi waliouunda ndio waliokuwa wa mwisho kulitambua hilo.

Mwezi Juni 1998 Psion iliungana na Nokia ya Finland na Ericsson ya Sweden kuunda kampuni ya pamoja, Symbian, ya kuugeuza EPOC kuwa mfumo wa simu. Motorola ya Marekani ilijiunga muda mfupi baadaye. Watengenezaji hao wa simu waliona kwamba siku moja simu na kompyuta ya mfukoni vitakuwa kitu kimoja, na hawakutaka Microsoft iwatawale kama ilivyowatawala watengenezaji wa kompyuta. Mwaka 2000 ikatoka Ericsson R380, simu ya kwanza ya Symbian. Mwaka 2002 ikafuata Nokia 7650 yenye kamera, na Novemba 2006 Symbian ilitangaza kwamba simu milioni 100 zenye mfumo wake zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Mwaka uliofuata, zaidi ya nusu ya simu janja zote zilizouzwa duniani zilikuwa za Symbian.

Sifa zake zilikuwa za kweli. Simu ya Symbian ilikaa na chaji. Ilifanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja bila kukwama: mtu alisikiliza muziki huku ujumbe ukiingia na ramani ikiwa wazi. Nokia N95, iliyotoka Machi 2007, ilikuwa na kamera ya megapikseli 5, GPS, Wi-Fi na intaneti ya 3G, na ilirekodi video. Aliyeimiliki alitembea na ofisi mfukoni.

Ila ubahili ule ule uliowezesha yote hayo uliwatesa waandishi wa programu. Symbian ilitumia lugha ya C++, lakini kwa kanuni zake yenyewe: namna yake ya kushika maneno, namna yake ya kusafisha kumbukumbu pale jambo linapoharibika, namna yake ya kupanga zamu za kazi. Mwandishi aliyekuwa bingwa wa C++ kwenye kompyuta alilazimika kuanza upya kama mwanafunzi. Tena, wenye hisa hawakukubaliana juu ya sura ya simu. Nokia ilikuwa na S60, Sony Ericsson na Motorola walitumia UIQ, na Japani kulikuwa na sura nyingine kabisa. Programu iliyoandikwa kwa S60 haikufanya kazi kwenye UIQ. Jina la mfumo lilikuwa moja, masoko yalikuwa matatu.

Juni 2004 kikajitokeza kirusi kilichoitwa Cabir, kilichorukia simu za Symbian kwa njia ya Bluetooth. Hakikuiba pesa wala kufuta picha. Madhara yake makubwa yalikuwa kumaliza betri, kwa sababu kilitafuta simu nyingine za kuambukiza bila kupumzika. Symbian ilijibu kwa kukaza mlango, na katika toleo la 9 programu nyingi zilihitaji kutiwa sahihi kwanza ndipo ziruhusiwe kugusa sehemu nyeti za simu. Usalama uliongezeka. Mwandishi mdogo, ambaye tayari alikuwa anahangaika na kanuni za C++, akaongezewa foleni na ada.

Wakati huo huo, huko Waterloo nchini Kanada, kampuni ya Research In Motion (RIM) ilikuwa inapambana na uhaba wa namna nyingine. Mitandao ya data ya miaka ya 1990 ilikuwa finyu na ya polepole mno. Kifaa chake cha kwanza kilichobeba jina la BlackBerry, mwaka 1999, kilifanana na peja, na siri yake ilikuwa kwenye mitambo ya kampuni zaidi ya kifaa chenyewe. Barua pepe ilipitia kwanza kwenye vituo vya RIM, ikabanwa na kufichwa kwa msimbo, kisha ikasukumwa hadi kwa mwenyewe bila yeye kuiomba. Data iliyotumika ilikuwa kidogo sana, na vitufe halisi vilimwezesha mtu kuandika kwa vidole gumba viwili akiwa anatembea. Mabenki, wanasheria na serikali wakaipenda. Barack Obama alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 2009 alipigania abaki na BlackBerry yake.

Kupita kwenye kituo kimoja kulikuwa na pande mbili. Agosti 2010 Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangaza kwamba ungezima huduma za BlackBerry kuanzia Oktoba, kwa kuwa ujumbe uliofichwa ulikuwa unapita nje ya nchi mahali ambapo vyombo vyake vya usalama havikuweza kuufikia. Makubaliano yalipatikana kabla ya siku yenyewe. Kwa mfanyabiashara wa Dubai, kilichoitisha serikali ndicho alichokilipia. Lakini Oktoba 2011 mtambo wa msingi uliharibika kwenye kituo cha kampuni huko Slough, Uingereza, na kwa siku kadhaa mamilioni ya watu Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika walikosa barua pepe na BBM, huduma ya ujumbe ya BlackBerry, kwa pamoja. Mitandao ya simu ilikuwa mizima na simu zenyewe zilikuwa nzima. Mlango ulikuwa mmoja, na ulikuwa umefungwa.

Kufikia hapo, hata uhaba ulioizaa BlackBerry ulikuwa unatoweka, maana 3G ilikuwa imeenea na WhatsApp ilikuwa inapeleka ujumbe bila kituo cha Waterloo. Kampuni ilinunua mfumo imara wa QNX mwaka 2010 na kuutumia kuunda BlackBerry 10, lakini simu zake zilitoka Januari 2013. Ulikuwa mfumo mzuri uliofika sokoni wakati watu wameshapanga vibanda vyao kwingine. Mwaka huo huo kampuni ilifuta karibu dola bilioni 1 kwenye hesabu zake, sehemu kubwa ikiwa ni simu za Z10 zilizokosa wanunuzi.

Waliovipangisha vibanda hivyo walikuwa Apple na Google, kwa njia zilizopingana.

Steve Jobs wa Apple alipoionyesha iPhone mjini San Francisco tarehe 9 Januari 2007, mtu aliyekuwa na N95 angeweza kuhesabu mapungufu yake kwa vidole. Haikuwa na 3G wala GPS. Kamera yake ilikuwa ya megapikseli 2 na haikurekodi video. Haikuweza kunakili maneno na kuyabandika mahali pengine. Jambo hilo lilisubiri hadi 2009. Haikuruhusu programu za watu wa nje, na hata duka la App Store lilipofunguliwa Julai 2008 likiwa na programu 500 hivi, programu hizo hazikuruhusiwa kuendelea na kazi nyuma ya pazia hadi mwaka 2010. Kwa karatasi ya sifa, Symbian ilishinda.

Lakini Apple haikutengeneza simu kwa ajili ya uhaba wa kumbukumbu. Ilichukua kiini cha mfumo wa kompyuta zake za Mac, ikakipunguza, ikakiingiza kwenye simu yenye megabaiti 128 za kumbukumbu, na kukubali kwamba betri itachajiwa kila siku. Iliona kwamba kilichokuwa haba kwa mtumiaji wa kawaida ni uvumilivu. Menyu za S60 zilikuwa na vyumba ndani ya vyumba. Kwenye iPhone kidole kiligusa kioo na kitu kikatii papo hapo, na kusogea kwa ukurasa chini ya kidole kulipewa kipaumbele kuliko kazi nyingine yoyote ndani ya simu. Mtoto aliweza kuitumia bila kufundishwa.

Ukuta ambao Apple iliujenga kuzunguka mfumo huo, ulioitwa iOS kuanzia 2010, ndio umebeba nguvu zake na lawama zake hadi leo. Kwa kuwa kampuni moja inatengeneza simu na programu mama, sasisho hufika kwa kila mtu siku moja. iPhone 5s ya mwaka 2013 ilipokea kiraka cha usalama Januari 2023, zaidi ya miaka tisa baadaye. Kwa upande wa pili, Apple ndiyo iliyoamua programu gani iingie, na ikachukua asilimia 30 ya mauzo ya kidijitali. Ada hiyo ilishushwa hadi asilimia 15 kwa waandishi wadogo mwaka 2021, na maduka mengine ya programu yalianza kuruhusiwa Ulaya mwaka 2024 kwa nguvu ya sheria. Desemba 2017 kampuni ilikiri kwamba sasisho zake zilipunguza kasi ya simu zenye betri iliyochakaa, na baadaye ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi nchini Marekani. Wala ukuta haukuwa bila ufa. Agosti 2016 mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alitumiwa kiungo cha kutiliwa shaka na akakipeleka kwa watafiti wa Citizen Lab, Toronto. Walikuta nyuma yake Pegasus, programu ya ujasusi iliyoweza kuiteka iPhone kwa mguso mmoja.

Android ilianza Oktoba 2003 huko Palo Alto, California, ikiwa na waanzilishi wanne, akiwemo Andy Rubin, na wazo lake la kwanza lilikuwa kuendesha kamera za kidijitali. Google iliinunua mwaka 2005. Uhaba ilioutazama haukuwa wa mtumiaji, ulikuwa wa mtengenezaji: viwanda vya Taiwan, Korea na China vilijua kuunda simu nzuri lakini havikuwa na programu mama ya kuweka ndani. Google ilivipa bure. Chini kulikuwa na kiini cha Linux, juu yake programu zilizoandikwa kwa Java, lugha ambayo wanafunzi wa vyuo vingi duniani walikuwa wanaisoma tayari. Simu ya kwanza, T-Mobile G1, ilitoka Oktoba 2008 ikiwa na kibodi ya kuteleza na sura isiyovutia. Haikuchukua muda. Kwa hesabu ya kampuni ya Canalys, katika robo ya mwisho ya 2010 ziliuzwa simu za Android takriban milioni 33, dhidi ya milioni 31 za Symbian.

Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji iliyoonja mapema maana ya mfumo wa bure. Mwanzoni mwa 2011 Safaricom iliuza Huawei IDEOS, simu ndogo ya Android, kwa chini ya dola 100. Skrini yake ilikuwa ya inchi 2.8 na nafasi ya kuhifadhi programu iliisha upesi, lakini ilimpa mwanafunzi intaneti kamili, ramani na duka la programu kwa bei ambayo hakuna N95 wala iPhone iliyoikaribia. Nyuma yake zikaja Tecno, itel na Infinix za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zikiwa na laini mbili, betri kubwa na kamera zilizorekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi. Mambo hayo matatu yaliongezwa na mtengenezaji aliyewajua wateja wake, na aliweza kuyaongeza kwa sababu msimbo wa Android uko wazi. Kwa uwazi huo huo, vijana wa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, walirushiana programu kwa Xender, kutoka simu hadi simu, bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando. Kwenye iPhone, njia hiyo haipo.

Gharama ya uwazi ilionekana Julai 2015. Mtafiti Joshua Drake alitangaza udhaifu ulioitwa Stagefright, uliowezesha simu kutekwa kwa ujumbe wa video tu, na ilikadiriwa kwamba simu zipatazo milioni 950 zilikuwa hatarini. Google ilikuwa na dawa. Lakini dawa ilipaswa kupitia kwa mtengenezaji wa simu na wakati mwingine kwa kampuni ya mtandao, na simu za bei nafuu ndizo zilizosahaulika kwanza. Google ilianza kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Mwaka 2017 ikatenganisha sehemu za mfumo ili watengenezaji wasasishe kwa urahisi zaidi, na Desemba mwaka huo ikatoa toleo jepesi, Android Go, kwa simu zenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu au pungufu. Baada ya miaka kumi ya kuishi kwa wingi, tasnia ilikuwa imerudi kujifunza ubahili ambao Psion ilikuwa nao tangu mwanzo.

Nokia haikuwa na muda wa kungoja. Februari 2011 mkuu wake mpya, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi waraka akiilinganisha kampuni na mtu aliyesimama kwenye jukwaa la mafuta linalowaka moto baharini. Siku chache baadaye alitangaza kwamba simu janja za Nokia zitatumia Windows Phone ya Microsoft. Wanunuzi wakaelewa kwamba Symbian imehukumiwa, wakaacha kuinunua kabla warithi wake hawajafika. Simu yake ya mwisho, 808 PureView ya 2012, ilikuwa na kamera ya megapikseli 41.

Windows Phone ilistahili zaidi ya ilichopata. Vigae vyake vilivyobadilika vyenyewe vilisomeka kwa jicho moja, na Lumia 520 ya 2013 ilikwenda kwa wepesi kwa megabaiti 512 tu za kumbukumbu, kiasi kilichozielemea simu nyingi za Android za bei hiyo. Mwaka huo Microsoft na Huawei walileta simu iliyoitwa 4Afrika katika nchi saba, Kenya ikiwemo. Lakini sasa kilichokuwa haba ni programu zenyewe. Instagram ilifika Novemba 2013 tu. Google haikuiandikia YouTube, na ile ambayo Microsoft iliiandika yenyewe ikazuiwa. Wenye simu za toleo la 7 waliambiwa mwaka 2012 kwamba haziwezi kupanda toleo la 8, na wengi hawakusamehe. Microsoft iliinunua idara ya simu ya Nokia mwaka 2014. Julai 2015 ilifuta dola bilioni 7.6 kwenye hesabu zake.

Afrika Mashariki, vifo vya mifumo hiyo havikutangazwa na ofisi za Nokia huko Espoo wala za BlackBerry huko Waterloo. Vilitangazwa na WhatsApp. Juni 2017 iliacha kufanya kazi kwenye S60 ya Symbian, Desemba mwaka huo kwenye BlackBerry, na Desemba 2019 kwenye Windows Phone. Simu iliwaka kama kawaida, kamera ilipiga picha, redio ilishika stesheni, lakini kundi la familia lilikuwa limehamia mahali ambapo simu hiyo haiwezi kufika. Fundi hakuwa na kipuri cha kubadilisha.

Huawei, ileile iliyowahi kuleta IDEOS, ilijikuta mahali hapo Mei 2019, Marekani ilipozizuia kampuni zake kufanya biashara nayo. Android yenyewe ilibaki wazi kwa yeyote, ila duka la Google, ramani zake na YouTube havikuwa sehemu ya uwazi huo. Mate 30, iliyotoka Septemba mwaka huo, haikuwa navyo. Kampuni ikaendeleza mfumo wake, HarmonyOS, na mwaka 2024 ikatoa toleo lililoachana kabisa na msimbo wa Android. Nyumbani China mfumo huo una watu. Nje yake una kazi ile ile iliyoishinda Microsoft.

Mfumo mmoja mdogo ulijaribu kurudi kwenye njia ya Psion. Mozilla ilianza Firefox OS mwaka 2011 na kuiacha miaka michache baadaye. Kutoka kwenye msimbo wake ikazaliwa KaiOS mwaka 2017, kwa ajili ya simu za vitufe zenye kumbukumbu ndogo na betri ya siku nyingi. Nchini India ilitumika kwenye JioPhone, na nchini Tanzania Vodacom iliuza ya kwake kwa jina ambalo kila mtu alilielewa: Smart Kitochi. Iliunganisha tochi, vitufe na WhatsApp. Katikati ya 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la KaiOS.

Huduma moja, ya kutuma pesa kwa simu, haikuyumba katika miaka hiyo yote. Machi 2007, miezi miwili baada ya mkutano wa San Francisco, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Wabunifu wake walijua kwamba wateja wana simu za kila aina, nyingi zikiwa mulika mwizi zisizo na mfumo endeshi wa maana, kwa hiyo hawakuandika programu kwa ajili ya Symbian wala mfumo mwingine wowote. Kenya waliiweka menyu ndani ya laini yenyewe. Tanzania mteja hubonyeza *150*00# na mtambo wa kampuni humjibu. Nokia 1100 ya mwaka 2003 huonyesha menyu hiyo, na iPhone mpya huionyesha ile ile, maneno yale yale, kwenye kioo cha bei kubwa zaidi.